Usiku wa Senene

Tangu macho ya Mzee Josia Mushumbusi yalipoanza kuingia ukungu, waliojua walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe na Kokuberwa. Hata mkewe, aliyekuwa Muleba akilinda kibanja chao cha migomba, hakuambiwa.

Studio ya mzee ilikuwa mtaa wa Miembeni, mjini Bukoba. Mbele palikuwa na chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ziwa na mgomba, na nyuma palikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Kamera yake ilikuwa ya sanduku, ya miguu mitatu, zile za zamani ambazo mpiga picha huinama nyuma yake, akajifunika shuka jeusi, akatazama kwenye kioo ambako mtu huonekana kichwa chini miguu juu. Shida ilikuwa hapo kwenye kioo. Kwa mwaka mzima sasa, mzee akitazama humo aliona weupe mtupu, kama maziwa yaliyomwagika.

Kokuberwa alikuwa ametoka Izigo akiwa na miaka kumi na saba. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalisomwa, lake likakosekana, na mama yake Klaudia akamleta mjini afagie studio na kuosha picha. Alikuwa msichana wa maneno machache na macho mengi. Siku moja alimsikia mzee akimwambia bwana harusi ainue kidevu kidogo. Bwana harusi alikuwa bado yuko nje anafunga kamba za viatu.

Kesho yake mteja alipokaa kitini, Kokuberwa aliinama akaingia chini ya shuka pamoja na mzee, kana kwamba anamshikia jambo. Mzee akazungusha kirungu cha lenzi polepole, na sura ilipotulia kwenye kioo, msichana akasema kwa sauti ndogo, "Waitu."

Waitu ni neno la heshima kwetu Wahaya. Mtoto humwambia baba, mke humwambia mume, mtu yeyote humwambia aliye juu yake. Wateja waliposikia sauti ile ikitoka chini ya shuka walimsifu binti kwa adabu. Wangejuaje kwamba maana yake ni hapo hapo, usizungushe tena? Mzee na msichana hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Lilikaa tu, kama kigoda kilivyokaa pembeni ya jiko, hakuna anayeuliza nani alikiweka.

Kuhesabu nako kulikuwa na namna yake. Kwenye chumba cha giza saa haisomeki, hata kwa mwenye macho. Mzee Josia alikuwa Mluteri, naye alipima muda kwa Baba Yetu. Kokuberwa alikuwa Mkatoliki, akapima kwa Salamu Maria. Karatasi ndogo, Salamu Maria moja. Karatasi kubwa, mbili na kipande, mpaka pale penye "Bwana yu nawe".

"Sala zenu fupi," mzee alikuwa akimtania. "Ndiyo maana mnazirudia mara hamsini."

"Na zenu ndefu, mzee. Ndiyo maana picha zako za zamani nyeusi."

Mzee alicheka mpaka akaishika meza. "Mungu atusamehe. Tunamtumia kama saa ya ukutani."

Mambo yakawa hivyo mpaka mwezi wa Novemba wa mwaka sabini na moja, nchi ilipokuwa ikijiandaa kutimiza miaka kumi ya Uhuru. Asubuhi moja Land Rover ilisimama mlangoni, akashuka Ndugu Datius Kagaruki wa ofisi ya mkoa, kijana mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alisema yatakuwapo maonyesho Dar es Salaam, na kila mkoa utapeleka picha moja kubwa ya mji wake usiku, taa zikiwaka, ili wananchi waone tulikotoka na tulipofika.

"Maduka yote, maofisi na shule zitawasha taa Jumatatu, saa mbili usiku," alisema. "Usiku mmoja tu, mzee. Picha iondoke na meli ya Jumatano."

"Jumatatu," mzee alisema. "Novemba hii, na mvua hizi."

"Kama ni kazi nzito, useme mapema. Mwanza kuna kijana ana kamera mpya. Akija huyo, kazi zote za ofisi atachukua yeye. Siyo mimi ninayesema, ndivyo walivyoamua wakubwa."

Kazi za ofisi ndizo zilizokuwa zinaiweka studio hai: picha za vitambulisho, za mikutano, za vijiji vipya. Maharusi walikuwa wachache na hawakutosha hata kununulia dawa ya kusafishia. Mzee alinyoosha shingo, akatazama mahali alipodhani Datius amesimama, akakosea kidogo. Kokuberwa akasogea haraka akajifanya anamfuta vumbi begani, akamgeuza.

"Nitaipiga mimi," mzee alisema.

Gari lilipoondoka, aliketi. "Koku, nikirudi Muleba wataniweka barazani kama mtungi uliopasuka. Hautupwi, lakini hakuna anayechotea maji. Watanizunguka tu wakipita."

"Hurudi, mzee."

"Filamu zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Basi ni hizo."

Jumatatu ilinyesha tangu adhuhuri. Jioni mvua ikapungua, ikawa manyunyu yale yasiyojua kama yaendelee au yaache. Walipanda kilima cha Kitendaguro kwa Land Rover mpaka njia ilipokwisha, kisha wakatembea. Datius alibeba mwavuli na tochi, Kokuberwa alibeba kamera kichwani na miguu mitatu begani, na mzee alimfuata nyuma ameshika ncha ya kitenge chake.

"Mzee ameshika nguo yako kwa nini?" Datius aliuliza.

"Njia inateleza, ndugu," Kokuberwa alijibu. "Nikianguka anivute."

Palikuwa na mwamba unaochungulia mji. Kutoka pale, kukiwa kweupe, mtu anaona yote: paa la kanisa kubwa, maduka ya barabara kuu, uwanja, bandari, na ziwa limelala hadi kisiwa cha Musira. Kokuberwa alikata majani matatu ya mgomba kwenye kibanja cha jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe, akayafunga juu ya kamera kwa ukambaa kama kipaa, ili lenzi isilowe.

Saa mbili kamili mji ukawaka. Taa za rangi zilikuwa zimetundikwa kwenye maduka, na jengo la mkoa liling'aa kama sahani iliyosuguliwa jivu. Datius akavuta pumzi. Mzee akajifunika shuka, Kokuberwa akaingia naye. Kwenye kioo mji ulikuwa umening'inia kichwa chini, taa zake zikitetemeka kwenye manyunyu. Mzee akazungusha. Akazungusha.

"Waitu."

Wakaingiza filamu ya kwanza. Mzee akaondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono wake mwenyewe, maana hilo aliliweza, na Kokuberwa akaanza kuhesabu midomo ikicheza. Salamu Maria ya kwanza ilikwenda vizuri. Katikati ya pili, ukungu ukapanda kutoka ziwani. Haukuja kwa haraka. Ulikuja kama mgeni anayevua viatu mlangoni, ukaimeza bandari, ukaja ukala uwanja, ukafika madukani. Kabla ya ya tatu kwisha, radi ikapiga upande wa ziwa na taa zote za mji zikazimika kwa pamoja.

Giza. Mbwa wakabweka huko chini, wakanyamaza.

"Zitarudi," Datius alisema.

Walingoja. Manyunyu yalidondoka juu ya majani ya mgomba. Saa tatu kasoro robo, taa zilikuwa hazijarudi. Ukungu ulianza kuchanika, lakini chini yake hapakuwa na kitu cha kuona.

"Basi," Datius alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka zaidi kuliko ya hasira. "Filamu ile imeharibika?"

"Imeharibika," mzee alisema.

"Nitapiga simu Mwanza kesho. Huenda huyo kijana ana picha yoyote ya Bukoba, hata ya mchana."

Kokuberwa alisikia pumzi ya mzee ikikatika kidogo. Alikuwa amesimama karibu naye, begani wamegusana, wote wawili wamelowa. Mzee alisema tu, "Tungoje kidogo."

"Tungoje nini, mzee? Mji umelala."

Ndipo kitu kikampiga Kokuberwa shingoni. Alidhani ni tone. Kikampiga kingine shavuni, kikashika, kina miguu. Kwenye mwavuli wa Datius kukaanza mlio, tap, tap, kama mtu anamwaga maharage. Datius aliwasha tochi kuelekea juu, na kwenye mwanga wake hewa yote ilikuwa inatembea, imejaa panzi wa kijani na kahawia.

"Ensenene," Datius alisema, kwa Kihaya, na tangu siku ile ya kwanza hawakuwahi kumsikia akitumia neno la kwao.

Mtu wa Bukoba ni mtu wa Bukoba hata akiwa na suti ya kaunda. Ofisa wa mkoa aliufunga mwavuli, akaugeuza ukawa kapu, akaishika tochi kwa meno, akaanza kuokota kwenye majani huku akinung'unika kwamba mama yake alisema leo watashuka na yeye akambishia.

"Binti, huokoti? Au bado mnashika mwiko wa wanawake?"

"Mama alinikataza kula, ndugu. Kuokota hakunikataza."

"Basi okota, nikulie mimi."

Lakini Kokuberwa hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama chini. Huko Miembeni mwanga mmoja mweupe ulijitokeza, karabai, ukawekwa pengine juu ya meza uani. Kisha mwingine. Kisha Hamugembe, halafu Kashai, kandili ndogo za njano zikitoka nyumbani moja moja, mienge ya matete, matochi yakikimbia huku na huku. Nyamukazi kwa wavuvi waliwasha taa za mitumbwi. Watu walikuwa wanatoka nje na kila kilichoweza kuwaka, kuita senene, kwa sababu senene hufuata mwanga na umeme ulikuwa umekatika.

"Koku," mzee alisema kwa sauti, amejisahau. "Kuna nini huko chini? Kuna nini?"

Mkono wa Datius ukasimama kwenye jani. Alitoa tochi mdomoni.

"Kwani wewe huoni, mzee?"

Manyunyu yalisikika. Ukiacha lile la kitenge, kwa mwaka mzima Kokuberwa hakuwa amesema uongo hata mmoja kuhusu jambo hili. Alikuwa amenyamaza tu, na kunyamaza ni kitu kingine.

"Huwa ananipima, ndugu," alisema. "Ananiuliza nieleze ninachokiona, halafu ananisahihisha. Ndivyo anavyonifundisha."

Datius alimtazama yeye, akamtazama mzee, ambaye uso wake uliotakiwa kuelekea mji ulikuwa umegeukia pembeni kidogo ya mji.

"Haya," Datius alisema. "Eleza basi."

Kokuberwa akaeleza. Alisema karabai zilipo na kandili zilipo. Alisema kuna mstari wa taa unaoshuka kama ushanga kufuata njia ya bandarini, na maduka makubwa yale ni giza tupu, na ukungu umebaki mwembamba juu ya mto Kanoni. Alisema Kashai yote inawaka, mzee, Kashai ambayo haina hata nguzo moja ya umeme.

"Mwanga ni hafifu," mzee alisema taratibu. "Fungua lenzi yote. Tafuta karabai moja, iliyo nyeupe kuliko zote."

Chini ya shuka kulikuwa na senene wawili wakirukaruka kwenye kioo. Aliwafukuza. Karabai ya Miembeni ilikuwa kama punje ya chumvi, imening'inia juu chini. Mzee akazungusha. Punje ikavimba, ikawa wingu. Akarudisha. Ikawa punje. Ikawa ncha ya sindano.

"Waitu."

Filamu ya mwisho ikaingia. Mzee alishika kifuniko, akamnong'oneza, "Salamu Maria tano, Koku. Hesabu vizuri." Akafungua.

Kokuberwa akaanza. Lakini kuna kuhesabu na kuna kusali, na mpaka siku ile alikuwa hajajua kwamba vinaweza kukutana mdomoni mwa mtu. Aliona mtungi uliopasuka barazani. Aliona mkono wa mzee umeshika kifuniko angani. Alianza kwa Kiswahili cha shule, na kabla hajamaliza ya kwanza alikuwa amehamia Kihaya, kwa mwendo ule wa kukokota ambao mama yake huusalia magotini, akivuta kila neno kama anavuta kamba ya kisima. Na ulimi wa mtu aliyelelewa kwenye rozari, ukishaanza hivyo, hauijui tano. Ulipita tano kama mtu anavyopita nyumba ya jirani aliyelala. Sita, saba. Datius alikuwa ameacha kuokota. Fungu zima likaisha, kumi kamili, naye hakusimama hapo, akaongeza Atukuzwe Baba, kama ilivyo desturi. Radi ya mbali ikamulika ziwa mara moja, bila sauti, na milima na paa la kanisa vikaonekana kama vimekatwa kwa mkasi.

"Amina," alisema kwa sauti, akashtuka.

Mzee akafunika lenzi.

Walishuka kilima. Walipofika studio na Datius amekwisha kuondoka na mwavuli wake uliojaa, mzee alisema, "Nilisema tano."

"Nilijisahau. Nilisali kweli."

"Nilikusikia ukipita. Nilitaka nifunge, mkono ukakataa." Aligeukia mlango wa chumba cha giza. "Labda umeiunguza. Uisafishe sasa hivi, sitalala."

Kwenye chumba cha giza Kokuberwa alizamisha filamu kwenye dawa, akaitikisa. Mzee alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliyeko mahakamani. Filamu ilipokauka, kukiwa karibu kukucha, Kokuberwa aliiwekea karatasi kubwa, akapitisha mwanga Salamu Maria mbili na kipande, safari hii kwa kuhesabu tu, akaitia karatasi kwenye sinia la dawa.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha katikati ya weupe kukawa na giza, na ndani ya giza vikabaki vitone. Karabai ya Miembeni. Kandili za Hamugembe. Mienge ya Kashai haikuwa vitone bali nyuzi, kwa sababu watu walikuwa wakikimbia nayo, nyuzi nyembamba zilizopindana kama uzi wa mshonaji mlevi. Juu yao, kwa ile radi moja, kulikuwa na mstari wa milima, paa la kanisa na ziwa la fedha.

Alimweleza mzee yote, polepole, toka kona hadi kona. Aliona kwamba kama mzee angefunga kwenye tano, mienge isingetokea, na Kashai ingekuwa giza.

Mzee alinyoosha mkono mpaka ukagusa ukingo wa sinia, akauacha hapo.

"Waitu," alimwambia.

Kokuberwa hakujua aangalie wapi. Hakuna mzee anayemwambia hivyo msichana. Akaosha karatasi muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Datius alikuja Jumatano asubuhi. Aliipeleka picha dirishani, akaitazama, akaisogeza, akaitazama tena.

"Walitaka umeme," alisema.

"Najua," mzee alisema.

"Hii hapa ni Kashai. Watauliza Kashai umeme umefika lini."

"Utawaambia ukweli, ndugu," Kokuberwa alisema. "Ni senene."

Datius alianza kucheka, akanyamaza, kidole chake kikiwa juu ya nukta moja pembezoni, karibu na mto. "Hapa ni kwa mama yangu," alisema. "Ana kandili moja tu, ya kioo kilichopasuka." Aliviringisha picha taratibu kwenye gazeti, akaiweka kwapani. Haikujulikana wakubwa watasema nini huko Dar es Salaam, wala yeye hakujifanya kujua. Alisema tu kwamba Mwanza hakupiga simu, na kwamba picha za vijiji zitaanza Januari.

Mlangoni aligeuka. "Binti. Siku nyingine mzee akikupima, asikupime kwa sauti."

Akaenda zake kuiwahi meli.

Mzee alisikiliza mpaka mlio wa Land Rover ukapotea. "Ameona," alisema.

"Aliona juzi, mzee."

"Na kazi ya Januari ametupa sisi?"

"Ametupa sisi."

Kabla ya adhuhuri akaingia mama mmoja, Verdiana, muuza ndizi, na mtoto wake mchanga, anataka picha ya kumpelekea mumewe anayefanya kazi mgodini Kilembe, Uganda. Kokuberwa alimkalisha, akamweka mtoto vizuri, akarudi nyuma ya kamera kumngoja mzee ainame. Mzee hakuinama. Alilishika shuka jeusi, akalikung'uta, akamfunika yeye Kokuberwa kichwani, kisha akapapasa kiti cha ukutani akakaa.

Verdiana alishangaa. "Leo mzee hapigi?"

"Leo nampima huyu," Mzee Josia alisema.

Chini ya shuka, Kokuberwa alizungusha kirungu. Mama na mtoto walikuwa wamening'inia kichwa chini, weupe wa macho yao unang'aa. Alirudisha kidogo. Wakatulia.

"Waitu," alisema, kwa mazoea.

"Nimesikia," mzee alijibu kutoka kitini. "Piga."